Kikishafungwa Hakifunguliwi

Wenzake kazini walimwita Bi Rula, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Ukimwona mara moja tu akikunja kitambaa, ulikuwa huhitaji kuelezwa. Alikunja ukingo juu ya ukingo, akapitisha kiganja, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa na kufumba jicho moja, kisha akakikunjua chote akaanza upya, kwa sababu pembe moja ilikuwa imezidi nyingine kwa upana wa uzi.

Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma cha hospitali, kile ambacho wagonjwa hawakijui na wageni hawaonyeshwi. Vifaa vilitoka chumba cha upasuaji vikiwa na damu, vikapitishwa kwenye kidirisha cha ukutani, vikasuguliwa kwa brashi na kukaushwa. Kisha vilipangwa kwenye sinia za chuma, kila operesheni na seti yake, vikafungwa kwa vitambaa viwili vya kijani, vikabandikwa utepe na kuingizwa katika mashine ya mvuke. Utepe uliingia mle na mistari hafifu, ukatoka na mistari myeusi. Ukiiona mistari imekuwa myeusi, ujue mvuke umepita na vijidudu vimekufa, na kifurushi kinakwenda rafuni kusubiri kuitwa. Hapo ndipo palipokuwa na sheria ambayo Matroni aliirudia mpaka ikawa kama kibwagizo: kikishafungwa hakifunguliwi mpaka kifike mezani kwa daktari. Ukikifungua, hata kwa kuchungulia tu, umekiharibu, na kazi yote inaanza upya.

Bi Rula aliijua sheria hiyo kuliko hata aliyeitunga. Na alikuwa akiivunja.

Haukuwa uzembe. Mzembe angekwisha kufukuzwa siku nyingi. Aliivunja kwa hofu. Alikuwa akifunga seti na kuiweka rafuni, na kabla hajafika kwenye sinki, swali linamkaba: ile koleo ndogo niliiweka kweli? Aliiweka. Alijua aliiweka. Lakini kujua hakukumfaa kitu, maana macho yake yalikuwa yameshamwona mgonjwa kalala tumbo wazi, daktari kanyoosha mkono, na mkononi hapana kitu. Basi anarudi, anabandua utepe, anafungua, anakuta kila kimoja mahali pake kama alivyokiacha. Anafunga tena na kurudisha mashineni. Nafuu aliyoipata ilidumu muda wa kunawa mikono, kisha wasiwasi ukarudi na kukaa kitako.

Usiniulize hofu hiyo ilitoka wapi. Hakuwahi kupoteza kifaa wala kugombezwa. Wapo watu wanaozaliwa na nywele nyingi, yeye alizaliwa na mashaka mengi, na kila mwaka yalizidi kuota.

Mwenzake wa zamu alikuwa bwana mmoja mnene, mcheshi, aliyeitwa Shaghala. Vifurushi vyake vilikaa rafuni kama mizigo ya mpangaji aliyetimuliwa na mwenye nyumba, hiki kimeinama, kile kimevimba ubavu, utepe umekwenda mshazari. Lakini Shaghala alipanga, akaangalia, akafunga, akaandika tarehe, akaenda zake kunywa chai. Hilo la chai ndilo lililomshinda Bi Rula. Mtu anawezaje kufunga seti ya kupasulia binadamu mwenzake, kisha akatia sukari? Alimhurumia, na siku nyingine, tuseme ukweli, alimchukia kidogo, hasa alipomsikia akicheka.

Nyumbani mambo yalikuwa yale yale, ila huko hapakuwa na Matroni wa kumkataza. Vikombe vyote vilitazama upande mmoja. Taulo zilipangwa kwa rangi, na ole wake aliyechomoa ya katikati. Mume hakuwa naye tena, alikwisha kufariki, na miezi hiyo alikuwa akiishi na mdogo wake wa mwisho, ambaye alimlea tangu mama yao alipoondoka duniani, akamsuka, akamsomesha, akamwozesha. Huyo mdogo mtu alikuwa amerudi kwa dada yake kujifungua mtoto wa kwanza, maana mumewe alifanya kazi mbali na hakuwa na wa kumwacha naye. Alikuja na begi moja, tumbo, na kicheko. Kandambili zake alizivulia popote, moja mlangoni, nyingine chini ya meza, na Bi Rula akizifuata nyuma kuziweka pamoja.

Nguo za mtoto zilikuwa zimepigwa pasi na kupangwa kwa ukubwa. Kisha zilipangwa kwa matumizi. Kisha zikarudishwa kwenye ukubwa. Begi la kwenda nalo hospitali lilipakiwa na kupakuliwa mpaka zipu ikaanza kulegea. Mdogo wake alimcheka, akasema huyu mtoto akizaliwa atapigwa pasi kwanza ndipo anyonyeshwe. Bi Rula naye alicheka, huku mikono yake ikiendelea kukunja.

Lakini jioni moja, wakiwa jikoni, mdogo mtu aliacha mzaha. Alikuwa akimenya viazi, akaweka kisu chini, akasema kitu kimoja tu kinamtisha katika habari hii nzima, nacho ni kupasuliwa. Uchungu atauweza. Kisu hatakiweza.

"Dada," alisema, "ikifika huko, vifaa vyangu uvipange wewe. Usimwachie mtu."

Bi Rula akamwambia hilo wala halina haja ya kuomba. Alilisema kwa moyo wote. Ila tangu jioni hiyo, yule mgonjwa aliyekuwa akimwona amelala tumbo wazi, asiyekuwa na uso, akapata uso.

Siku ilipofika, ilifika asubuhi, kwa utulivu. Walikwenda hospitali taratibu, mdogo mtu akisimama kila uchungu ulipombana na kumshika dada yake bega. Mkunga alimpokea, akampima, akasema mtoto amekaa vizuri na njia inafunguka, hapana la kutisha. Akamwambia Bi Rula aende kazini kwake, wao watamwita. Kwa hiyo akaenda, akapita ukumbi mrefu, akavaa kofia na aproni, akanawa mikono mpaka viwiko. Alipoinua kichwa, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye rafu.

Hospitali ilikuwa ndogo. Seti za kumpasulia mama mjamzito hazikuwa nyingi, na zilizotumika jana yake zilikuwa bado zimelowekwa kwenye sabuni. Rafuni zilibaki mbili tu za dharura. Moja ameifunga yeye, imenyooka kama kitabu kipya. Nyingine ameifunga Shaghala, imelalia ubavu.

Akajiambia hatazigusa. Akaosha mikasi, akaikausha, akaitazama rafu. Akakunja vitambaa, akaitazama rafu. Mkunga kasema hapana la kutisha, lakini wakunga si ndivyo wanavyosema siku zote? Kama mdogo wake ataingia mle ndani leo, ataingia na ile seti iliyonyooka. Na katika seti ile, kisu alikiweka chenye mpini gani? Vibanio vyote vilikuwa vinabana sawasawa, au kuna kimoja kilicholegea akakipuuza? Alikumbuka kuvijaribu kimoja kimoja. Alikumbuka pia, sasa hivi, ghafla, kwamba siku ile mtu aliingia akamsemesha. Alikuwa amefika wapi aliposemeshwa?

Nani ataitwa kupasuliwa katika muda mfupi wa seti moja kupita mvukeni? alijiuliza. Mashine ina nafasi. Ataangalia mara moja tu, kwa ajili ya mdogo wake, atairudisha mvukeni, na itakuwa imeiva kabla ya yeyote kuihitaji. Ndivyo alivyojidanganya, mtu mzima na akili zake. Akaitoa seti yake rafuni, akabandua utepe.

Kila kitu kilikuwemo. Kila kibanio kilibana. Vifaa vililala kwa mpangilio wa kupendeza, mpini na mpini, ncha na ncha, na kwa kitambo kidogo alisimama akivitazama kwa raha. Kisha raha ikaisha na akaona alichokifanya, kifurushi kimetanuka mezani mbele yake, kimeharibika. Akakifunga upya, akabandika utepe mpya, akakitia mashineni, akakaza mlango, akawasha. Taa nyekundu ikawaka. Mashine ile ikishapandisha mvuke haifunguki, hata ukiililia.

Shaghala aliporudi kutoka chai yake, aliiona taa nyekundu, akatazama rafu, akaiona nafasi tupu. Cheko lililokuwa usoni pake likazimika.

"Umeifungua," alisema.

Bi Rula akajibu kwamba alitaka kuhakikisha tu, na itakuwa tayari sasa hivi. Shaghala hakumgombeza. Angemgombeza, Bi Rula angepata pa kushika, angejibu, wangebishana. Badala yake alivuta kiti akakaa akiielekea mashine, mikono magotini.

Kengele ya kidirisha ikalia.

Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, ameshavaa kinyago, macho tu yanaonekana. Alitaka seti ya uzazi, upesi, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na daktari ameshaanza kunawa. Bi Rula alisikia sauti yake mwenyewe ikiuliza ni mama gani. Muuguzi akamtazama, na yale macho juu ya kinyago yakalainika.

"Ni wako," alisema. "Mdogo wako."

Bi Rula akaigeukia mashine, taa nyekundu. Akalishika komeo lake la moto kwa mkono mtupu na kulivuta, likamuunguza, halikusogea. Shaghala alikuwa ameshasimama ameshachukua kifurushi chake rafuni, akampa. Hakukipeleka mwenyewe kidirishani, akampa yeye, na Bi Rula hakujua kamwe kama ilikuwa heshima au ni kwamba naye alikuwa anaogopa.

Kifurushi kilikuwa kizito na kibaya. Kitambaa kimekunjwa hovyo, pembe moja imechomoza, utepe umekwenda upande. Mistari yake ilikuwa myeusi. Alikumbuka siku kilipofungwa, kwa sababu Shaghala alikuwa akisimulia kisa cha jogoo wa jirani yake na alicheka mpaka akashika meza. Yaani aliweka visu na koleo hizi huku anacheka. Na hivi ndivyo vinavyokwenda tumboni mwa mtoto aliyemlea kwa mikono yake.

Kucha ya kidole gumba ikaingia chini ya ncha ya utepe. Hakuituma, ilikwenda yenyewe, kama ilivyozoea. Ncha ikainuka kidogo.

"Dada," Shaghala alisema kwa sauti ya chini, "ukiibandua hiyo, mdogo wako hana kitu."

"Niapie kila kitu kimo."

Shaghala alikitazama kifurushi. Mtu mwingine angeapa, jambo likaisha.

"Kukuapia siwezi. Nilipanga, nikaangalia, nikafunga. Mistari ni myeusi. Mpe."

Muuguzi alikuwa ameingiza mikono yote miwili kidirishani, ameshika upande wake wa kifurushi, anavuta. Bi Rula alikuwa ameshika upande wake. Ukiwatazama ungedhani ni watu wawili wanagombea shuka. Alitaka kuachia. Aliviamuru vidole vyake viachie na vikakataa, kwani hakuna kitu alichowahi kukitoa chumbani mle kwa mkono wake bila kujua kilichomo ndani. Muuguzi akamwita kwa jina lake halisi, ambalo hapo kazini halikuitwa na mtu. Bi Rula akafumba macho, akafungua mikono, na kifurushi kikaondoka.

Kidirisha kikafungwa. Naye akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Ukuta kati ya vyumba vile viwili ulikuwa mnene. Havikusikika vifaa wala sauti ya mtu, na hata mtoto angelia, asingesikika. Ilisikika mashine tu, ikipumua mvuke wake pole pole, ikiipika ile seti nzuri isiyo na kasoro, ambayo haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Bi Rula alianza kuipanga ile nyingine kichwani. Akaweka kisu, akakiondoa. Akaweka koleo, akaziondoa. Angeweza kustahimili kama asingekuwa anamwona Shaghala.

Shaghala alikuwa amesimama mbele ya meza tupu, midomo inacheza, vidole vinashika vitu visivyokuwepo na kuviweka katika sinia isiyokuwepo. Yule aliyekunywa chai yake kila siku bila wasiwasi alikuwa anatafuta. Visu, akanong'ona. Koleo. Vibanio. Mikasi. Hapo mkono ukasimama hewani.

"Nini?" Bi Rula aliuliza.

Shaghala akajifanya hajasikia. Bi Rula akainuka, akamshika nguo kifuani, akamuuliza tena. Ndipo alipokiri kwamba siku ile mikasi kadhaa ilikuwa imeanikwa pamoja kwenye taulo, na seti ile inataka mmoja ulionyooka na mmoja wa kupinda, na yeye anakumbuka kuweka miwili, lakini ule wa kupinda hauoni. Anaona minyoofu tu. Huenda ni kichwa kinamchezea.

Bi Rula akakimbilia droo ya vifaa vya ziada. Mikasi ya kupinda ilikuwepo, inang'aa, na yote haikuwa imepita mvukeni, kwa hiyo yote ilikuwa bure. Akabonyeza kengele ya kidirisha, akaibonyeza tena, akaacha kidole juu yake. Hakuna aliyekuja. Wote walikuwa mezani. Alitaka kupiga kelele akaona hata kelele haina pa kupita. Shaghala akaja akauondoa mkono wake kwenye kengele, taratibu, akabaki ameushika.

Bi Rula aliomba. Aliomba vibaya, bila mpangilio, akichanganya maneno, na mara moja akajikuta anataka kurudia mwanzo kwa sababu ameruka mahali. Akajizuia. Akaendelea kuomba hivyo hivyo alivyoweza.

Kidirisha kilipofunguka, haukuja uso. Ilisukumwa sinia tu, imefunikwa kitambaa chenye damu, na mkono uliovaa glovu ukarudi ulikotoka kabla hajapata kuuliza. Sinia za namna hiyo zilikuja kila siku. Hazikuwa na habari ndani yake. Za waliopona na za waliokufa zilifanana.

Shaghala alitaka kuiosha yeye, Bi Rula akamsogeza. Akavaa glovu, akafunua, akafungulia maji. Maji yakawa mekundu, kisha ya waridi, na akafikiri juu ya magoti yaliyochubuka aliyokuwa akiyaosha uani, na mdogo wake, wakati huo angali mtoto, akimpigia makelele kwamba anamsugua sana. Akavitoa vifaa kimoja kimoja. Koleo zilikuwemo. Vibanio vilikuwemo. Akashika mkasi, ulionyooka. Akashika mwingine.

Ulikuwa umenyooka nao.

Akaupekua mchanganyiko wote, hakuna wa kupinda. Basi ilikuwa kweli. Alisimama na mikasi ile miwili mkononi, na jambo likamwingia polepole, likamtisha kuliko yote ya siku ile. Angeibandua ile seti, angeliona kosa. Safari hii, baada ya miaka yote ya kufungua na kukuta kila kitu kipo, angefungua na kukuta kitu hakipo. Angekuwa na haki. Angemwonyesha Shaghala, Matroni, hospitali nzima. Na huku akiwaonyesha, mapigo yale yangekuwa yanashuka, yanashuka, na hakuna kifurushi kingine rafuni.

Mlango wa ukumbini ukafunguka. Alikuwa yule muuguzi, ameshashusha kinyago, anauliza kwa nini yuko huku wakati kule wanamtafuta. Shaghala ndiye aliyeuliza habari za mama na mtoto.

Muuguzi akasema mtoto alitoka amelegea, rangi si rangi, akawatia hofu wote, kisha akalia. Wa kiume. Wangechelewa kidogo tu wasingekuwa wanazungumza hivi. Mama yake ametokwa damu kiasi lakini yuko sawa, ameshapelekwa wodini. Halafu akakumbuka, akasema daktari alinuna kuhusu mkasi, akauliza nani kapanga, kisha akachukua huo uliokuwepo akaendelea na kazi.

Shaghala akakaa sakafuni palepale kwenye maji. Bi Rula akalia, glovu zikiwa bado mikononi, hana hata cha kufutia machozi.

Alikwenda mwenyewe kwa Matroni kabla hajaenda wodini, kwa kuwa alijua akiona sura ya mdogo wake kwanza atatafuta sababu ya kuahirisha. Akamweleza yote: ameifungua, si mara ya kwanza, na kwa sababu yake rafu ilibaki na seti moja. Shaghala alimfuata nyuma, suruali inachuruzika, akasema la mkasi ni lake. Matroni akasema wote wawili wataandikiwa onyo, na kuanzia kesho hakuna seti inayofungwa na mtu mmoja. Mmoja anaweka, mwingine anaangalia, wanabandika utepe pamoja, basi. Akamgeukia Shaghala, akamwambia visa vya majogoo akavisimulie nje. Akamgeukia Bi Rula na hakusema kitu cha mzaha.

"Na wewe, tukishabandika, utaweza kuondoka?"

Bi Rula akasema hajui. Hilo lilikuwa jibu la kweli. Alipopita mbele ya chumba chao kuelekea wodini, mashine ilikuwa imezima, seti yake imeiva humo ndani, na shingo yake ilikuwa inamvuta aingie akaipange rafuni ikae sawa. Akaendelea kutembea, na kila hatua ilikuwa ya kujilazimisha.

Mdogo wake alikuwa amelala chali, midomo mikavu, macho mazito kwa dawa. Mtoto alikuwa ubavuni mwake, mkunga amemviringisha harakaharaka, mguu mmoja umechomoza nje ya kitambaa. Bi Rula aliuona mguu ule kabla ya kuona kitu kingine, na hakuugusa.

"Sikuogopa, dada," mdogo mtu alisema. Maneno yalimtoka taratibu. "Waliponiingiza nikasema, vifaa vyangu kapanga dada. Nikatulia kabisa."

Hapo palikuwa na njia rahisi. Kutingisha kichwa tu, kumpangusa jasho, kumwacha alale na imani yake iliyonyooka. Hofu yote aliyowahi kuwa nayo ilimwambia anyamaze, kwa sababu mdogo wake ndiye mtu pekee duniani aliyeamini kwamba dada yake hakosei.

"Si mimi niliyepanga," akasema. "Vya kwangu nilivifungua nikaviharibu. Vilivyokutoa mtoto ni vya Shaghala, na mkasi mmoja haukuwemo. Ningevikagua, mngekufa."

Mdogo mtu akamtazama. Bi Rula akasimama pale kando ya kitanda akisubiri, mikono imening'inia, hana cha kukunja. Alikuwa tayari kwa lolote, hata kuambiwa aondoke. Kisha mdogo wake akaanza kumsogeza mtoto kwa mkono mmoja, kwa shida, akikunja uso kwa maumivu ya kidonda.

"Mshike."

"Siwezi. Nitamshika vibaya."

"Mshike vibaya," mdogo wake alisema. "Mimi nimechoka."

Bi Rula akainama, akamchukua.